Jibu la Kulala Nalo: Historia ya Marehemu Bi Mwanamkasi binti Mwinyijuma, 1919–1978

Masheikh wetu, wazee, mama zetu mlioko uani, majirani na wageni mliofika kutoka Mkange, Mbegani, Pangani na Dar es Salaam, assalaam alaykum. Kabla jeneza halijanyanyuliwa kwenda msikitini kwa swala ya adhuhuri, familia imenituma mimi, Abdala, mtoto wa shemeji yake marehemu, niwasomee maisha yake, na wamenichagua kwa sababu ambayo marehemu mwenyewe aliitangaza mara nyingi mbele ya watu, kwamba Abdala ni msomaji mzuri kwa kuwa Mungu alimnyima sauti ya kuimba. Nitasoma taratibu, na nawaomba mtu asinyanyuke kabla ya neno la mwisho, maana neno la mwisho katika historia hii si langu.

Marehemu Bi Mwanamkasi alizaliwa hapa Bagamoyo, katika nyumba hii hii mnayoiona, usiku wa kuamkia Maulidi ya Mfungo Sita, mwezi wa Desemba mwaka 1919, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwinyijuma, mfanyabiashara wa chumvi na mikeka, na Bi Mwanajuma, aliyekuwa na ulimi mkali na sauti tamu, vitu viwili ambavyo wazee wetu wanajua havikai nyumba moja kwa usalama. Aliyemfuata, baada ya miaka minane na vitoto viwili vilivyotangulia mbele ya haki, ni mdogo wake Alawi, ambaye leo ni mwalimu wa chuo kule Mbegani na ambaye yuko nasi hapa barazani. Mama yao alikuwa mtu wa sokoni na wa shughuli, kwa hiyo Alawi alilelewa mgongoni mwa dada yake, na walioishi mtaa huu siku hizo wanasimulia kwamba ukimwona Mwanamkasi bila Alawi ulikuwa na haki ya kuuliza kama mtoto anaumwa.

Nyumba hiyo ya utotoni mwake ndiyo iliyompa kazi yake ya baadaye, na marehemu hakuwahi kudai kuwa aliibuni mwenyewe. Mzee Mwinyijuma alikuwa mtu wa kimya, akikasirishwa hafungui kinywa, na Bi Mwanajuma alikuwa hawezi kukaa na neno tumboni, basi jioni akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi alikuwa akiliimba lalamiko lake lote, la chumvi iliyolowa, la wifi aliyekuja bila taarifa, la mume asiyesema, naye mzee akiwa huku nje barazani na tasbihi yake, kila ubeti ulipokwisha alilazimika kuitikia, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, maneno ambayo kila mtu wa ukoo huu anayajua: "Nimesikia mwenzangu, mlango sikuufunga." Hakujibu siku ile. Alilala nalo, na kesho yake asubuhi, chai ikimiminwa, ndipo aliposema lake, na wanawe walizoea kuona kwamba jambo lililoimbwa jioni likijibiwa asubuhi huwa limekwisha kupoa.

Elimu ya dini aliipata katika chuo cha mtaani, akahitimu msahafu mwaka 1931, na elimu ya kikwao aliipata kwa somo yake, aliyemfundisha yote anayofundishwa mwari na zaidi ya hayo akamfundisha kupiga tari. Alimfundisha na Alawi, na kwa miaka mingi ndugu hawa wawili walikuwa pambo la maulidi ya Bagamoyo, yeye upande wa wanawake na mdogo wake upande wa wanaume, pazia katikati, wasionane, lakini mapigo yao yakipokezana bila kukosana hata pale msomaji alipoharakisha. Elimu ya kusoma na kuandika kwa herufi za kizungu aliipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima mwaka 1970, na alijivunia sana siku aliyoandika jina lake badala ya kutia kidole gumba, ingawa alilalamika kwamba jina lenyewe refu, wazazi wangemfikiria.

Jumamosi tarehe 12 Februari 1938, nyama ya Idi ikiwa bado jikoni, marehemu aliolewa na Bwana Kitwana bin Mikidadi, fundi cherehani, ndugu wa baba yangu. Walijaaliwa watoto wawili walio hai, Mosi aliyezaliwa tarehe 14 Aprili 1943, na Mikidadi aliyezaliwa mwaka 1946, fundi wa reli huko Tanga, aliyetufikia jana jioni. Ami yangu Kitwana alikuwa mshonaji hodari na mwimbaji mbaya kupita kiasi, lakini mkewe alimwekea sharti la nyumba ya kwao, na kwa miaka thelathini na moja alilitii, akiitikia nyuma ya cherehani kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta, na wateja waliokuja kupimwa kanzu walijifunza kungoja mpaka kiitikio kiishe. Ami alifariki tarehe 20 Novemba 1969, na marehemu alituambia baada ya eda kwamba anachokikosa zaidi ni ile sauti mbaya.

Kazi ya kusuluhisha nyumba za watu ilianza kidogo kidogo, kwa wari aliowafunda, ambao wakigombana na waume zao walirudi kwake kulia. Yeye hakuwa mtu wa kusikiliza upande mmoja, alichukua tari lake akaenda nao mpaka nyumbani, akawakalisha mkekani mke, mume, mama mkwe na yeyote aliyekuwa na neno, na kabla ya yote akawauliza kila mmoja alibembelezwa kwa wimbo gani, kwa kuwa, alikuwa akisema, mtu akishaimba alivyobembelezwa na mama yake hawezi kurudi kwenye matusi papo hapo. Kisha likaja sharti lake. Mwenye lalamiko aliimbe, asiliseme, anayelalamikiwa aitikie kiitikio kila ubeti, asijibu, kisha kila mtu aende akalale nalo, na jibu litolewe kesho yake asubuhi, nalo liimbwe, na mlalamikaji naye aitikie. Watu walicheka, maana ni vigumu kuimba kwamba mume wako hakuleta samaki, lakini alijua kwamba wangecheka, na kicheko hicho alikihesabu kuwa nusu ya dawa.

Mwaka 1962 ndipo kazi hiyo ilipomgharimu, na yeye mwenyewe aliagiza jambo hili lisirukwe siku itakaposomwa historia yake. Mzee Mwinyijuma alifariki Jumamosi tarehe 2 Juni mwaka huo, tanga la msiba likaanuliwa Jumanne, na kama mnavyojua, katika nyumba iliyofiwa ngoma haiguswi mpaka arobaini ipite. Jumatano akaja mama mmoja kutoka Mkange, nguo zina tope hadi magotini, akaeleza kwamba mkwewe, Mwishehe, amekwisha kumpa binti yake Ashura talaka mbili, na ameapa mbele ya watu kwamba ya tatu ataitamka Ijumaa baada ya swala, na watoto wao walikuwa wawili, wadogo. Marehemu alimwambia mama yule kwamba yuko msibani. Mama yule hakubisha, alikaa tu kizingitini, na hatimaye marehemu akaingia ndani, akalitoa tari uvunguni mwa kitanda, akalifunga kwenye kanga, akapanda lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu, akaenda. Alhamisi tari lilipigwa Mkange, watu waliimba, Mwishehe aliitikia kwa meno yaliyofungana, akalala nalo, na Ijumaa asubuhi alijibu akilia, na talaka ya tatu haikutamkwa.

Aliporudi Jumamosi alimkuta Alawi hapo alipokaa sasa, kwenye baraza hii, na kanga ilikuwa imelegea, tari likaonekana. Alawi alimwambia, "Dada, udongo wa baba bado mbichi, nawe umetoka kupiga tari." Marehemu alikuwa amechoka na ana njaa, akajibu, "Baba amekwisha fika, Alawi. Yule mtoto wa watu alikuwa bado yuko njiani." Ni jibu zuri, na wengi wetu tumelitumia kama mfano wa busara yake, lakini yeye hakulipenda, kwa sababu, alivyosema, alilitoa papo hapo, hakulala nalo, na laiti angenyamaza na kuitikia tu, siku ile ile yangekwisha. Alawi alivaa viatu vyake akaondoka. Alihamia Mbegani, akafungua chuo chake, na tangu siku hiyo hakushika tari tena, na mguu wake hakuutia katika nyumba hii kwa miaka kumi na sita. Walipokutana njiani alimpa dada yake salamu, maana salamu ni wajibu, shikamoo alimwamkia na marahaba alipokea, na baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake.

Ndugu waombolezaji, msimdhanie vibaya mwalimu wetu. Alimpenda baba yake, na hakuwa peke yake aliyeona kwamba mila imevunjwa, wazee wengi wa mtaa huu walinong'ona hivyo hivyo, tofauti ni kwamba wao waliendelea kuja kula pilau. Mosi alipoolewa Agosti 1963 mjomba alituma dua, hakuja. Ami Kitwana alipofariki alifuata jeneza hadi makaburini, alitia mchanga, kisha akasimama ng'ambo ya njia, hakuvuka kuja barazani. Kila Idi marehemu alimpelekea sahani ya mkate wa kumimina, na kila Idi sahani ilirudi imeoshwa, ina ndimu au mayai juu yake, bila neno.

Baada ya sheria mpya ya ndoa kuanza kutumika mwaka 1971, yaliundwa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na tarehe 3 Machi 1972 marehemu aliteuliwa kuwa mjumbe wa baraza la kata yetu, chini ya uenyekiti wa Mzee Bwanausi. Kikao cha kwanza alikuja na tari ndani ya buibui, na mwenyekiti, ambaye yuko hapa na atanisamehe, alimwambia kwamba hapo ni barazani, si arusini. Marehemu aliliweka chini ya kiti, akakaa kimya kikao kizima, watu wakagombana mbele yake tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mwishowe Mzee Bwanausi mwenyewe, sauti imemkauka, akasema, "Haya Bi Mwanamkasi, litoe hilo dude lako." Halikurudi chini ya kiti tena.

Si kila mara alitumia tari. Wengi mnalikumbuka shauri la Bi Biubwa na mkwewe Adija, waliokaa mwaka mzima katika jiko moja bila kusemezana, wakitumana kwa watoto, "mwambie bibi yako chumvi imekwisha", na bibi mwenyewe kasimama hapo hapo. Marehemu hakuwauliza kitu, aliwawekea kinu kimoja na michi miwili, akawamiminia mpunga, akawaambia watwange kwa zamu ndani ya kinu hicho kimoja, na kila mtu aliyewahi kutwanga anajua kwamba ukitwanga na mtu usiyemsikiliza, michi inagongana na mikono inaumia. Waligonganisha, wakaumia, wakakasirika, kisha Bi Biubwa, bila kujua, akaanza kuguna wimbo wa kutwangia ili ashike mwendo, na Adija akaupokea. Mchele ulipokuwa mweupe walikuwa wanabishana juu ya nani anatwanga vizuri, na marehemu alikwisha kwenda zake nyumbani kupika.

Ziko nyumba alizoshindwa, na hakupenda tuzifiche. Ziko ndoa ambazo baada ya kuimba na kulala na kuimba tena waliona kwamba basi, na hao aliwaimbisha waachane kwa heshima, mwanamume akimsindikiza mwanamke hadi kwao na mzigo begani. Mwaka 1975 alialikwa Dar es Salaam kwenye semina ya maofisa wa ustawi wa jamii waliotaka kujua anafanyaje, akakaa siku tatu, akarudi analalamikia kipaza sauti kilichokuwa kikimpigia mluzi masikioni, lakini akiwasifu wale vijana kwamba wanaitikia vizuri. Mzee Bwanausi ndiye aliyemuuliza siku moja, kikao kimekwisha, wamebaki wawili wanakunywa kahawa, mbona hajamwitia Alawi baraza, na marehemu akajibu kwamba baraza haliwezi kumwita mtu aje kulalamika, mwenye lalamiko ni Alawi, naye hajaimba. Alilisema hilo kwa kucheka, lakini kahawa yake aliiacha ikapoa.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka 1976 kwa shinikizo la damu, miguu ikavimba, pumzi zikawa fupi, na tarehe 2 Mei mwaka huu alilazwa hospitali ya hapa Bagamoyo kwa maradhi ya moyo, akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, na tarehe 5 Juni, kwa ombi lake mwenyewe, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Miongoni mwa waliokuja kumtazama alikuwa Ashura wa Mkange na mumewe Mwishehe, ambao leo wana watoto saba, na Ashura alipomwona alivyodhoofu hakurudi kwao. Jumapili tarehe 11 Juni alikwenda Mbegani, akasimama mlangoni mwa chuo wanafunzi wakisoma, akamwambia mwalimu, "Mwalimu, kama lile ni kosa, ni langu. Mimi ndiye niliyemtoa dada yako msibani. Njoo uniimbie mimi."

Jumatatu alasiri Alawi alikuja. Aliingia kwa mguu wa kulia, akatoa salamu, akaketi kwenye kigoda kilichokuwa cha baba yao, na marehemu, ambaye siku hizo hata kugeuka ilikuwa kazi, akamwambia, "Haya mdogo wangu. Imba." Mwalimu aliimba lalamiko lake bila tari, kwa sauti ya kaswida, sauti ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia na wazee walikuwa wameisahau, akaimba juu ya baba, na udongo mbichi, na aibu ya kuulizwa na watu, na jinsi alivyongoja siku ile dada yake aseme nimekosa. Kila ubeti ulipokwisha marehemu aliitikia, pumzi kidogo kidogo, "Nimesikia mwenzangu, mlango sikuufunga," na vidole vyake vilikuwa vikipiga taratibu kwenye ukingo wa kitanda.

Jumanne asubuhi Alawi alirudi kupokea jibu. Marehemu aliimba kwamba alikosa kulitoa tari katika arobaini ya baba, na anaomba radhi kwa baba na kwa ndugu yake, na kwamba angeitwa tena Mkange angekwenda tena, hawezi kumdanganya Mungu akiwa karibu naye namna ile. Alawi aliitikia, na alipomaliza kuitikia alimshika mkono. Kisha marehemu akasema kwamba na yeye analo lake, la miaka yote hiyo, akaliimba, nasi tuliokuwepo tulilishika:

"Arusi ya mwana wetu, hukuja hata kukaa,
Msiba wa mume wangu, hukuvuka hata njia."

Alawi aliitikia akilia, na ubeti ulipokwisha alifungua kinywa amjibu pale pale, jibu lilikuwa tayari, kila mtu aliliona usoni mwake, na sisi sote tuliokuwa chumbani tulitamani alitoe. Marehemu aliinua kidole kimoja, kile kile alichokuwa akiwanyamazishia watu barazani, akamwambia, "La. Kalale nalo." Mosi alimsihi mama yake, safari hii tu, naye akasema kwamba jibu la papo hapo ndilo lililomkosesha ndugu miaka kumi na sita, hataki jingine. Alawi alimbusu mkono akapanda baiskeli yake kurudi Mbegani, na jioni ile marehemu alimwagiza Mosi kwamba komeo lisitiwe, Alawi atakuja alfajiri.

Bi Mwanamkasi binti Mwinyijuma alifariki dunia Jumatano tarehe 14 Juni 1978, adhana ya alfajiri ikiwa imekwisha, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Alawi alifika jua likichomoza, akaukuta mlango uko wazi, na Mosi amesimama ndani yake. Ameacha watoto wawili, wajukuu tisa, mdogo wake mmoja, na nyumba za watu ambazo hatuwezi kuzihesabu. Ameacha pia wasia, kwamba nyumba hii ikae arobaini nzima bila ngoma wala tari, hata pakiwa na talaka Mkange, ili alilokosa kwa baba yake lilipwe, na arobaini ikipita tari apewe Mosi, na anayemkabidhi awe mjomba wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, inawashukuru majirani waliotuchotea maji na kutupikia, Mzee Bwanausi na wajumbe wote wa baraza, wari wake wa zamani waliomwosha na kumkafini, na Ashura na Mwishehe, kwa safari ya Mbegani. Kwa yeyote aliyemkosea, au aliyekosewa naye, tunaomba radhi kwa niaba yake.

Neno langu limekwisha, na sasa, leo Alhamisi, kwa ruhusa ya masheikh, Mwalimu Alawi atasogea hapa kichwani pa jeneza, bila ngoma, kwa sauti tupu, alitoe jibu alilolala nalo Jumanne na Jumatano, na kwa kuwa sheria ya marehemu ni kwamba mlalamikaji naye lazima aitikie, na yeye leo hawezi, tutamwitikia sisi, wanawake uani na wanaume barazani, kila ubeti utakapokwisha. Maneno mnayajua. Bi Mwanamkasi, ndugu yako amekuja asubuhi kama ulivyosema, nimesikia mwenzangu, mlango sikuufunga, pumzika kwa amani.